Pambo la Biharusi Lisomwe Mgongoni Kwanza

Ingia duka la sonara Mombasa, Unguja au Kariakoo, omba seti ya harusi "yenye asili ya Kiafrika", na mara nyingi utaletewa kitu kile kile: kidani cha mtindo wa Ghuba kilichobandikwa ramani ya Afrika, ngao ya Kimasai, au ua la mlango wa Lamu lililokatwa kwa leza juu ya bamba la nusu milimita. Uso unapendeza. Kigeuze sasa. Mgongoni pana mnyororo wa mashine, kulabu na vipete viwili, kama kila kidani kingine kilichotoka kiwandani wiki hiyo. Asili yote imeishia usoni.

Hapo ndipo ubunifu wetu wa vito vya harusi unapokosea. Katika mapambo ya kale, mchoro na namna pambo linavyoushika mwili vilikuwa kitu kimoja. Jasi, pambo la sikioni, lilikuwa duara kwa kuwa tundu la sikio ni duara. Furungu, pambo la mguuni, lilikuwa nene bila kumlemea aliyelivaa kwa kuwa ndani yake palikuwa tupu. Anayetaka kubuni pambo jipya kutokana na la zamani aanze kwa kuligeuza na kupima mgongo wake: tundu liko wapi, uzito unaning'inia wapi, kiungo kimefungwaje. Makumbusho ya Lamu na Fort Jesus pale Mombasa yana vito vya pwani vya kutosha kujifunzia hayo, lakini wengi huenda huko na kamera tu, nayo hupiga uso.

Chukua jasi, pambo ambalo wabuni wengi hulipita bila kulitazama. Wanawake wa pwani walivaa majasi kwenye ndewe, yaani tundu la sikio lililopanuliwa polepole. Mwenye uwezo alivaa ya dhahabu au fedha. Wengine walivaa ya mti, au ya ukanda wa karatasi za rangi uliosokotwa kwa kukazwa hadi ukawa kisahani. Ule mchoro wa duara ndani ya duara unaoonekana kwenye picha za mwanzo wa karne ya 20 haukuchorwa na mtu. Ulitokana na kusokota. Sasa mbuni wa leo anachukua bamba, anachonga maduara matano juu yake na kuliita jasi, kumbe amenakili alama iliyoachwa na kazi, kazi yenyewe ameiacha.

Kusokota kwenyewe kunawezekana. Kata kanda mbili za urefu wa karibu sentimita 42, upana milimita 1 na unene milimita 0.3, moja ya fedha 925 (yaani yenye sehemu 925 za fedha safi kati ya elfu) na nyingine ya dhahabu karati 18. Ziweke pamoja zikiwa zimesimama wima, uzisokote kuzunguka msumari mwembamba hadi upate kisahani cha milimita 18. Ukisokota kwa kulegeza kitatoka kikubwa zaidi, hivyo kata kanda zenye ziada ya sentimita tatu. Kilehemu kwa nyuma tu, kwa vipande vidogo vya lehemu. Ukiweka nyingi, itapanda kati ya kanda na kufuta mistari yote, na hakuna tupa itakayoirudisha. Kisha kisafishe na ukichovye kwenye dawa ya salfa. Fedha itageuka nyeusi, dhahabu itabaki njano, na mistari itajitokeza yenyewe bila kuguswa na kalamu. Dawa hiyo iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu moto wa kulehemu ukija baada yake utauharibu weusi wote.

Tatizo kubwa liko kwenye kushika. Jasi la zamani lilishikwa na ukingo mzima wa ndewe, uzito ukagawanyika pande zote. Biharusi wa leo ana kitundu cha milimita moja, na waya mmoja ndio unaobeba kila kitu. Matokeo yake herini huinama mbele, uso wake ukatazama sakafu, na kwenye picha za harusi huonekana ukingo tu. Waya ukiwekwa katikati ya kisahani, kuinama hakuepukiki. Uweke kwenye theluthi ya juu, na badala ya kizibo kidogo cha kipepeo tumia kisahani cha nyuma chenye kipenyo cha milimita 10 kinachoegemea nyama ya sikio. Waya uwe wa milimita 0.9 na urefu wa milimita 11. Baada ya kuulehemu huwa umelainika kwa moto, hivyo ushike kwa koleo na kuusokota robo mzunguko ili ugumu urudi. Asiyefanya hivyo ataletewa herini yenye waya uliopinda kabla fungate haijaisha.

Na mgongo usizibwe. Kisanduku cha dhahabu karati 18 chenye kipenyo cha milimita 20, ukingo wa milimita 5 na bamba la nusu milimita kina uzito wa karibu gramu 5 kikiwa wazi nyuma. Ukikiziba kinapita gramu 7. Herini ya gramu 10 kwa sikio moja bado huvalika kwa saa chache za sherehe. Ikivuka 15 iwe na mnyororo wa kuegemea unaobanwa kwenye nywele juu ya sikio. Mtego wa hesabu hizi ni kwamba mteja huuliza bei ya seti kwa jumla ya gramu, na sikio moja moja hakuna anayelipima.

Ua la mlango ndilo nakshi linaloharibiwa kuliko yote. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Milango yao imepigwa picha kwa maelfu, na picha hizo ndizo zinazopunguzwa kwenye kompyuta hadi zikatosha kishada cha shingoni. Ua la sentimita 20 lililochongwa juu ya mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, likipunguzwa kuwa milimita 20, mfereji wa milimita 5 unakuwa nusu milimita. Nta ya kusubia huubeba mfereji huo vizuri, lakini kusafisha na kung'arisha kunakula kiasi cha milimita 0.1 kwenye kingo na kujaza vumbi la dawa ndani. Anachokabidhiwa mteja ni bamba lenye mikwaruzo. Petali 16 za mlangoni ziwe 8 shingoni, mfereji usipungue upana wa milimita 0.6 na kina cha 0.5, na bamba la chini liwe na milimita 1.2 ili mfereji usitoboke.

Jambo ambalo halisemwi ni mwanga. Mchonga mlango hukata mifereji ya pembe kali kwa sababu anategemea jua la kando: upande mmoja unang'aa, mwingine unaingia kivulini, na kivuli ndicho kinachochora ua. Dhahabu iliyong'arishwa kila mahali haina kivuli. Inarudisha mwanga kutoka pande zote, na chini ya taa za ukumbi ua lote linapotea ndani ya mng'ao. Dawa yake ni kufifisha ardhi ya nakshi kwa brashi ya waya wa shaba au mchanga laini wa mashine, halafu kung'arisha migongo ya petali peke yake kwa jiwe la akiki. Kwa karati 22, ambayo ni laini, ukingo wa nje uinuliwe milimita 0.2 kupita petali ili msuguano wa nguo uishie kwenye ukingo.

Kuhusu maana za nakshi za milangoni, naomba wabuni wawe waangalifu. Mnyororo huelezwa na baadhi ya watu kuwa ni ulinzi wa nyumba, na wengine husema ni kumbukumbu ya utumwa. Samaki huambiwa uzazi, mtende huambiwa neema. Tafsiri hizi hutolewa kwa watalii kana kwamba ni kamusi iliyokubaliwa na wote. Kabla ya kuufunga mnyororo ule shingoni mwa biharusi, waulizwe somo wake, yaani mwanamke anayemfunda, na bibi zake wanauonaje. Jibu lao ndilo litakaloamua pambo lile litavaliwa au litabaki sandukuni.

Biharusi wa pwani huvaa shela, mtandio au hijabu, na nguo hiyo huamua kuliko mchoro wowote. Herini ikifunikwa, pesa zote zilizotumika zimezikwa. Kwa biharusi wa hijabu pambo lihamie kipajini, kifuani na mikononi: kishada cha kipaji kisichozidi gramu 8, mkufu wa kushuka hadi sentimita 60 au 70 utakaolala juu ya kitambaa, na vikuku. Kwa mwenye ngozi inayoonekana shingoni, kidani cha kubana kiishie juu ya mstari wa shingo ya gauni kwa angalau sentimita 3, la sivyo pindo la gauni litakiinua kila akikaa.

Shela ya wavu na lesi ni adui wa nakshi za nyuzi za madini. Kila ncha iliyo wazi hunasa uzi, na anayeuvuta ni mpambaji mwenye haraka. Kucha za kushikilia kito zibadilishwe kwa ukingo unaokizunguka kito chote. Vilele vyote vipitishwe msasa namba 600 kisha 1200. Jaribio lake ni rahisi: pitisha soksi ya nailoni ya wanawake juu ya pambo pande zote, pamoja na mgongo. Ikinasa hata mara moja, rudi kwenye tupa. Maua yahesabiwe pia. Biharusi atakayevaa koja la asumini na kikuba hahitaji kidani kipana, kwani vitu viwili vitagombania mahali pamoja na maua yatapondeka. Panga na mpambaji mapema kipi kinakaa juu ya kipi.

Vikuku na mafurungu vina hesabu yake. Kikuku cha duara cha waya mzima wenye unene wa milimita 4 na kipenyo cha ndani cha milimita 60 kinabeba karibu sentimita za ujazo 2.5 za madini. Kwa karati 22 hiyo ni gramu 45, kwa karati 18 gramu 39, kwa fedha 925 gramu 26. Kikuku hicho hicho kikitengenezwa kwa mrija wenye ukuta wa milimita 0.4, karati 22 inashuka hadi gramu 16 na fedha hadi 9 na kitu. Kwa jicho vinafanana. Masonara wa zamani waliojua kufua furungu tupu walijua hesabu hii mikononi mwao.

Mrija una hatari zake. Ukilehemu pande zote bila kuacha tundu, hewa ya ndani hupanuka kwa moto na kupasua kiungo, au bamba linavimba kama kitumbua. Toboa matundu mawili ya milimita 0.8 upande wa ndani, mbali na kiungo. Baada ya tindikali ya kusafishia, chemsha kikuku kwenye maji yenye magadi kidogo, kikaushe, na ndipo uzibe matundu ukitaka. Asidi iliyobaki ndani hutoka baada ya miezi kama doa la kijani kwenye mkono. Na mrija haukunjwi mtupu, lazima ujazwe kwanza kwa lami au, kwa dhahabu peke yake, waya wa shaba unaoyeyushwa baadaye kwa asidi, vinginevyo unabonyea upande wa ndani.

Saizi ndiyo inayoleta malalamiko mengi. Maduka ya masonara wenye asili ya Kihindi hutumia vipimo vya inchi na sehemu za kumi na sita: 2-4 ni milimita 57.2, 2-6 ni 60.3, 2-8 ni 63.5. Kikuku kisichofunguka hupimwa kwa kiganja kilichokunjwa, kidole gumba kikiwa ndani, kuzunguka vifundo vya vidole. Gawa mzunguko huo kwa 3.14 upate kipenyo. Kifundo cha mkono hakihusiki kabisa. Pima jioni, kwa sababu mikono huvimba kwa joto na biharusi atavaa vikuku akiwa kwenye ukumbi uliojaa watu. Pima pia kabla ya siku ya hina. Mikono iliyopakwa hina na piko haitakiwi kulazimishwa ndani ya vikuku vya kubana, kwa hiyo vikuku vya bawaba vinafaa zaidi. Bawaba iwe na vipande visivyogawanyika kwa mbili, vitatu au vitano, na msumari wa milimita 1. Ulimi wa kufuli ukishafuliwa ukawa mgumu usirudishwe motoni. Sonara akilehemu mnyororo wa usalama baada ya hapo, ulimi unalainika, na kikuku kitafunguka chenyewe katikati ya ngoma.

Bara, ombi la kwanza la maharusi wengi ni ushanga. Ushanga wa kioo haukuwahi kuwa wa kienyeji peke yake. Uliingia kupitia pwani, na wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba shanga nyekundu za samsam ziliitwa "kivunja mji" kwa jinsi wanawake walivyozipenda. Kidani bapa cha Kimasai ni kazi ya waya na hesabu. Chenye kipenyo cha ndani cha sentimita 13 na cha nje sentimita 23, kwa shanga za namba 11 zenye upana wa milimita 2.1, kinahitaji mistari 24 hivi na shanga zipatazo 9,000. Hizo ni gramu 80 na zaidi kabla ya waya. Hapo biharusi hajavaa dhahabu yoyote.

Kidani hicho kimebuniwa kwa mwili ulio wima na shingo iliyo wazi, na kinapendeza kikiruka kwenye mabega kwa mwendo wa ngoma. Ukikiweka juu ya gauni lenye mabega yaliyoshonwa, kinainuka na kugonga kidevu kila biharusi akiinamisha kichwa kusaini cheti. Kigawe katika vipande vitano vilivyounganishwa kwa vipete, vitatu mbele na viwili nyuma, ili kilale kwa kufuata mabega. Uzi wa pamba huoza kwa jasho na nailoni ya kawaida hurefuka. Tumia waya mwembamba wa chuma cha pua uliofunikwa nailoni, unene milimita 0.38.

Rangi nazo zijaribiwe. Shanga nyingi za waridi na zambarau zimepakwa rangi juu ya kioo, na zenye fedha ndani hugeuka nyeusi zikipata unyevu. Chukua kumi za kila rangi, zifunge ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa spiriti, uziache usiku kucha. Kitambaa kikibadilika rangi, gauni jeupe nalo litabadilika, na hakuna dobi atakayelirudisha siku hiyo. Jaribio hili linagharimu shilingi chache, nalo ndilo linalorukwa zaidi.

Kutoka huko huko Umasaini kuna surutia, waya wa shaba uliozungushwa kama konokono, unaovaliwa na wanawake walioolewa. Hili ni pambo la ndoa tayari, na kwa mbuni ni zawadi, kwani halihitaji kulehemu. Waya wa milimita 1.2 uliozungushwa mara tisa kuzunguka nafasi ya milimita 2 unatoa kisahani cha karibu milimita 24 na unatumia sentimita 36 za waya. Kwa fedha hiyo ni gramu 4.2, kwa dhahabu karati 18 gramu 6.3. Waya uzungushwe ukiwa nusu mgumu. Ukiupasha hadi ulainike kabisa, konokono atafunguka akivutwa na nywele mara ya kwanza. Ncha ya nje ichongwe iwe mviringo na kukunjwa ndani. Siyo sawa, hata hivyo, kuliuza kama "urembo wa kabila" kwa msichana wa kwenye tangazo asiyejua kwamba huko linakotoka ni alama ya mke. Kwa biharusi maana hiyo inaongeza thamani. Iandikwe kwenye karatasi inayoambatana na pambo, pamoja na jina lake halisi.

Tahadhari hiyo hiyo iwahusu wanaoagiza kutoka Ghana alama za adinkra, michoro ya Waakan ambayo kila mmoja una maana yake. Waakan wenyewe leo huzivaa kwenye vito na mashati ya furaha, na hakuna ubaya. Ila vitambaa vya adinkra kwa asili ni vya msibani. Mbuni wa Dar es Salaam au Nairobi anayechagua alama kwa sababu imependeza kwenye skrini ajifunze kwanza ni ipi inasema nini. Na kwa nini aende mbali? Kisutu, kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe anayopewa biharusi wa pwani, kina mpango wa pindo na mji (sehemu ya katikati) uliotulia ambao karibu hakuna sonara aliyeutumia. Pindo pana lenye nakshi nzito, katikati pana marudio ya kitu kidogo: mpango huo unaingia kwenye kikuku kipana cha sentimita 4 bila kulazimishwa. Kingo mbili za milimita 8 zifuliwe nakshi, na milimita 24 za katikati zitobolewe kwa msumeno namba 3/0 katika bamba la milimita 0.9. Bamba jembamba zaidi ya hapo hupinda kati ya matundu wakati wa kung'arisha.

Kwenye vito vya thamani nitapita haraka. Tanzanaiti ya Mererani, iliyoanza kujulikana mwaka 1967, ni jiwe zuri na dhaifu. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, hupasuka kirahisi upande mmoja, na haivumilii mabadiliko ya ghafla ya joto wala mashine ya kusafishia kwa mitetemo. Iwekwe herinini au kifuani, iwekwe ya mwisho baada ya moto wote kuzimwa, na isiwekwe kwenye pete ya kila siku. Anayetaka rangi kwenye pete atumie savoraiti, kijani cha Tanzania na Kenya, ambayo ni ngumu zaidi.

Limebaki suala ambalo wabuni vijana hulikwepa, la akiba. Dhahabu ya biharusi ni mali yake. Mahari ya Kiislamu ni haki ya mke, na dhahabu anayopewa na wazazi wake ndiyo atakayoigeukia biashara ikiyumba au mtoto akihitaji ada. Pambo la kisasa lenye nakshi kubwa na gramu chache lina ujira mwingi kuliko madini, na siku ya kuliuza, ujira hauuzwi. Mnunuzi hupima, hupiga hesabu ya karati, hutoa vito na kuvirudisha. Jasi la kanda mbili lililoelezwa mwanzo litapata bei ya chini zaidi, kwa kuwa fedha na dhahabu zimeshikana na lazima zisafishwe kutenganishwa. Ni pambo zuri, si akiba, na biharusi aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Kwa hiyo seti moja igawanywe. Vikuku na mkufu, ambavyo vina gramu nyingi, viwe vya karati moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, 21 au 22, na nakshi ifuliwe kwenye madini yenyewe bila rangi wala gundi. Herini na kishada vibebe ubunifu wa hatari. Sonara anayechanganya mwenyewe ajue hesabu yake: gramu 10 za dhahabu safi zinahitaji gramu 0.91 za fedha na shaba kuwa karati 22, gramu 1.43 kuwa 21, na gramu 3.33 kuwa 18. Lehemu iwe ya karati ile ile na isiwe na kadimiamu, kwani moshi wake unaharibu mapafu ya fundi. Lehemu ya karati ya chini kwenye vikuku vyenye viungo vingi inashusha kipimo cha kikuku kizima pale kinapoyeyushwa.

Risiti iandike uzito wa dhahabu peke yake, uzito wa vito peke yake, karati, na ujira kama mstari unaojitegemea. Kama mrija umejazwa lami, uzito wa lami uandikwe. Mhuri wa 916, 875 au 750, yaani wa karati 22, 21 au 18, upigwe mahali panaposomeka bila kukata pambo, kabla ya kung'arisha kwa mwisho, ili bamba lililoinuka kwa pigo lisawazishwe. Kisha wiki mbili kabla ya harusi pambo zima livaliwe pamoja na gauni, shela na viatu kwa saa moja kamili, biharusi akikaa, akiinama, akisujudu na kumkumbatia mtu. Pale litakapovuta, kukwaruza au kugeuka, pawekwe alama kwa kalamu ya wino, mgongoni.